Hakuna "jino tu": Tuwafunze wanafunzi kuusema uchungu wao

Majuma mawili yaliyopita nilikuwa nikifundisha somo la fonetiki kwa wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Nilikuwa nimefikia zile sauti ambazo hazitamkiki ila kwa msaada wa meno, yaani th na dh, nikamwomba msichana mmoja aliyeketi safu ya mbele awatamkie wenzake maneno mawili: thamani na dhiki. La kwanza alilitamka kwa shida. La pili halikutoka. Aliinamisha uso, akalikandamiza shavu kwa leso, na machozi yakamlengalenga. Nilipomwuliza kulikoni, alinijibu kwa sauti ya chini, "Ni jino tu, Daktari."

Darasa lilicheka. Nami, nakiri, nilitabasamu, kisha nikaendelea na somo. Usiku, nilipokwisha kulala, ndipo hilo neno "tu" liliponirudia na kuninyima usingizi, kwani nilikuwa nimelisikia zamani, na najua lilivyomgharimu aliyelitamka.

Mwaka wa 1998 nilikuwa kidato cha nne katika shule moja ya bweni ambayo sitaitaja. Kwenye kitanda cha juu yangu alilala kijana mmoja hodari wa hisabati, ambaye sote tulimtegemea kila tuliposhindwa na swali. Mwanzoni mwa Oktoba gego lake la chini lilianza kumsumbua. Alimwendea mwalimu wa zamu akamwambia kwamba jino linamwuma. Mwalimu alicheka, akasema kwamba mtihani ukikaribia kila mtu hupata ugonjwa wake. Akampa vidonge viwili, akamrudisha darasani. Kwa majuma mawili tulimsikia usiku akiguna na kuzunguka bwenini kama bawabu. Kisha, siku moja, uchungu ulikoma ghafla. Tulishangilia, tukasema jino limepona lenyewe. Siku chache baadaye tuliamka tukamkuta amevimba chini ya kidevu hadi shingoni, kinywa hakifunguki, mate yanamtiririka kwa kuwa hawezi kuyameza. Alipelekwa hospitalini kwa lori la shule lililokuwa likibebea kuni. Madaktari walimwokoa, na Mungu ashukuriwe. Lakini karatasi za kwanza za mtihani wa KCSE zilifanywa akiwa wodini, na mwaka uliofuata alirudia kidato cha nne ilhali sisi wenzake tulikuwa tukingojea barua za kuitwa vyuoni.

Mimi si daktari wa meno. Shahada yangu ya uzamifu ni ya isimu, na haiwezi kumwondolea mtu uchungu wa aina yoyote. Hata hivyo, kwa muda mrefu nimesadiki jambo moja ambalo leo ningependa kulieleza mbele ya walimu na wanafunzi wanaosoma ukurasa huu: kwamba maumivu ya jino katika shule zetu ni, kwa sehemu kubwa, tatizo la lugha. Mwanafunzi hana maneno ya kueleza kinachompata, na mwalimu hana masikio ya kumsikia. Baina ya ububu wa mmoja na uziwi wa mwingine, jino huoza.

Hebu tukitazame kwanza kitenzi chenyewe. Kiswahili kina kitenzi kimoja, kuuma, kwa mambo mawili: kile afanyacho mbwa akikukamata mguu, na kile kifanywacho na kiungo kinapougua. Kichwa huuma, tumbo huuma, mgongo huuma. Lakini linapouma jino, maana hizo mbili hukutana mahali pamoja, kwani chombo tulichopewa ili tuumie chakula humgeukia mwenyewe na kumwuma. Labda ndiyo sababu tukatafuta mwumaji mwingine wa kumlaumu, tukampata "mdudu". Jino lililotoboka tunasema limeliwa na mdudu, na wapo wazee wanaoapa kwamba walimwona akitolewa kwa moshi wa mbegu za mitishamba.

Tusione haya kwa imani hiyo, maana si yetu peke yetu. Maelfu ya miaka iliyopita, katika nchi ambayo leo ni Iraki, watu waliandika juu ya vigae vya udongo maneno ya kumlaani mnyoo wa jino. Ulaya nako aliaminiwa kwa karne nyingi, hadi mwaka wa 1728 tabibu Mfaransa Pierre Fauchard, anayehesabiwa kuwa baba wa udaktari wa meno wa kisasa, alipochapisha kitabu chake na kumkana mnyoo huyo. Na mwaka wa 1890 Mmarekani Willoughby Miller, aliyekuwa akifanya kazi Berlin, alieleza kinachotokea kwa hakika.

Kinachotokea ni hiki. Juu ya meno yetu hujengeka utando laini ambao Kiswahili kina jina lake zuri, ukoga. Ndani ya ukoga huo mnaishi vijidudu vidogo mno, visivyoonekana kwa macho. Vijidudu hivyo havilitafuni jino. Hula sukari ile ile tuliyoila sisi, kisha hutoa asidi, na asidi hiyo ndiyo inayoyeyusha madini ya jino. Kila tunapoonja kitu kitamu, asidi hupanda na kudumu kwa takriban nusu saa au zaidi kabla ya mate kuituliza na kuanza kurekebisha kilichoharibika. Kwa hiyo anayekunywa chai ya sukari mara moja pamoja na mlo wake huyapa meno yake nafasi ya kupumua. Lakini yule anayekunywa chai saa nne, akamumunya peremende saa sita, akala biskuti saa nane na kuinywa soda kidogo kidogo tangu saa kumi hadi jioni, huyo ameyaogesha meno yake katika asidi mchana kutwa, hata kama jumla ya sukari aliyoila si nyingi. Jambo la kuangaliwa zaidi ni idadi ya mara, kuliko wingi wa kijiko.

Sasa nirudi kwenye lugha. Jino lina tabaka tatu, na tabaka hizo ndizo zinazoupa uchungu hatua zake. Nje kuna gamba gumu jeupe, ambalo ndilo kitu kigumu kuliko vyote mwilini, na halina hisia. Chini yake kuna tabaka la manjano lenye vinjia vyembamba sana vinavyopitisha hisia. Katikati kuna kiini, na ndani ya kiini mna neva na mishipa ya damu. Tunaposema "jino linauma" na kunyamaza, tunazikusanya hali tatu tofauti katika sentensi moja, kama mtu anayeita mvua, mafuriko na gharika kwa jina moja.

Hali ya kwanza ni ile ambapo jino huchoma. Ukinywa maji baridi au ukila kitu kitamu, huchoma kwa ghafla, kisha hupoa mara kinywaji kinapopita. Hapo tundu limefika tabaka la pili, na kiini kingali kizima. Jino la namna hiyo huzibwa kwa muda mfupi, na mwenyewe hurudi darasani siku hiyo hiyo.

Hali ya pili ni ile ambapo jino hupwita. Uchungu huja bila kuitwa, huandamana na mapigo ya moyo, huzidi usiku mtu anapolala kwa kuwa damu huelekea kichwani, na chai ya moto huuamsha ukakaa kwa muda mrefu. Hapo kiini chenyewe kimevimba, nacho kimefungiwa ndani ya kuta ngumu zisizompa nafasi. Kuziba peke yake hakutoshi tena. Daktari hana budi kukiondoa kiini na kuisafisha mizizi, au kuling'oa jino.

Hali ya tatu ndiyo inayodanganya. Uchungu hukoma. Mgonjwa hulala usingizi mzito na kumshukuru Mola, kumbe kilichotokea ni kwamba neva imekufa. Vijidudu havijafa. Hushuka kwa utulivu hadi ncha ya mzizi na kutunga usaha. Baadaye jino huuma likitafunia, ufizi hufanya jipu, na shavu hulijibu kwa kuvimba. Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa yule kijana wa mwaka wa 1998 siku tuliyomshangilia. Laiti mmoja wetu angalijua kwamba ukimya wa jino bovu ni habari mbaya, tungalimbeba siku ile ile.

Choma, pwita, nyamaza. Vitenzi vitatu vya Kiswahili cha kawaida, ambavyo mtoto wa darasa la nne anaweza kuvikariri kwa dakika moja, vinampa mwalimu wa zamu habari nyingi kuliko machozi ya siku tatu.

Nina ugomvi pia na msemo mmoja tunaoupenda, usemao kwamba dawa ya jino bovu ni kung'oa. Msemo huu ulikuwa na hekima yake katika zama ambapo hapakuwa na njia nyingine. Leo umekuwa kisingizio cha kungoja. Mtu husikia baridi ikimchoma akasema, "Likizidi nitaling'oa," ilhali wahenga hao hao walituachia msemo ulio bora zaidi kwa jambo hili: usipoziba ufa utajenga ukuta. Sidhani kama pana mahali methali hiyo inapofaa zaidi ya kinywani. Tena ukuta wa kinywani haujengeki, kwani jino la ukubwani likitoka halioti jingine, na jino la pembe si dawa ya pengo.

Je, mwanafunzi aliye bwenini usiku wa manane, naye daktari yuko mbali, afanye nini? Kwanza asukutue kwa maji ya uvuguvugu yaliyotiwa nusu kijiko cha chai cha chumvi katika gilasi moja, na kuondoa kwa uzi mabaki ya chakula yaliyokwama kati ya meno. Pili, anaweza kumeza paracetamol kwa kiasi kilichoandikwa kwenye pakiti. Mtu mzima asizidishe vidonge 8 vya miligramu 500 kwa siku nzima, maana kuzidisha huharibu ini. Dawa ya ibuprofen nayo hupunguza uvimbe na aghalabu huishinda paracetamol kwa uchungu wa jino, lakini huliwa baada ya chakula, na haiwafai wenye vidonda vya tumbo wala waja wazito. Tatu, alale kichwa kikiwa kimeinuliwa kwa mito. Na karafuu, ile ile ya Unguja na Pemba, si hadithi ya mabibi: ina mafuta yenye nguvu ya kutia ganzi. Punje moja ikishikiliwa karibu na jino bovu huleta nafuu ya muda, ingawa mafuta yake yakimiminwa ovyo huunguza ufizi, na hayafai kwa watoto wadogo.

Yapo pia yasiyofaa hata kidogo. Aspirini haiwekwi juu ya ufizi, kwa sababu huuchoma ukabaki kidonda, wala watoto hawapewi kuimeza bila idhini ya daktari. Maji ya betri na petroli, ambayo nimesikia vijana wakishauriana kuyatumia, ni sumu. Na vidonge vya kuua bakteria vinavyonunuliwa viwili vitatu dukani haviponyi jino linalopwita, kwani tundu lingali wazi na kiini kingali kinaoza. Dawa hizo zina mahali pake pale daktari anapoona maambukizi yameenea. Tukizinywa kiholela tunavifunza vijidudu kuzizoea.

Na nafuu hizi zote ni za kumfikisha mtu asubuhi. Hazilizibi tundu. Bali mgonjwa akivimba uso au shingo, akipata homa, akashindwa kufungua kinywa, kumeza au kupumua vyema, asubuhi isingojwe. Apelekwe hospitalini usiku huo huo, kwa gari lolote lililopo.

Najua jibu ambalo baadhi ya walimu wamekwisha kuliandaa. Watasema kwamba ni rahisi kwa mtu wa chuo kikuu kuandika hivi, ilhali mzazi wa mwanafunzi wangu hana karo, sembuse fedha za daktari wa meno, na daktari mwenyewe yuko katika mji mkuu wa kaunti, safari ya nusu siku. Hoja hiyo ni ya kweli, na siipuuzi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria katika ripoti yake ya mwaka wa 2022 kwamba watu wapatao bilioni 3.5 wana maradhi ya kinywa, na kwamba wengi wao wanaishi katika nchi zenye kipato cha chini na cha kati, yaani nchi kama yetu. Lakini umaskini ndio hasa unaotutaka tuwahi. Kuziba tundu dogo ni gharama ndogo kuliko kusafisha mizizi, na kusafisha mizizi ni gharama ndogo kuliko kulazwa wodini ukiwa na usaha shingoni. Asiye na fedha ndiye asiyeweza kumudu kuchelewa.

Isitoshe, mengi ya kufanywa shuleni hayahitaji fedha. Mswaki na dawa ya meno yenye floridi viko tayari katika orodha ya vitu ambavyo kila mwanafunzi wa bweni hutakiwa kuja navyo. Tatizo ni kwamba huishia ndani ya sanduku. Meno yapigwe mswaki mara mbili kwa siku, na mara ya usiku isikose, kwa kuwa mate hupungua mtu anapolala na jino hubaki bila mlinzi. Baada ya kupiga mswaki, povu litemwe bila kusukutua kwa maji mengi, ili floridi ibaki kazini. Na kwa yule asiye na fedha za mswaki wa dukani, kijiti cha mti wa mswaki, kitumiwacho Pwani na Kaskazini tangu jadi, kingali chombo cha kuheshimika. Jina lenyewe la mswaki wa dukani limetokana na kijiti hicho.

Mwalimu wa Kiswahili naye ana kazi yake. Tumezoea kuwafunza watoto majina ya sehemu za mwili kwa haraka, tukaishia kwenye kichwa, mkono na mguu. Tuwafunze pia gego na chonge, ufizi na ukoga. Tuwape insha ya kueleza uchungu, wapi, tangu lini, wa namna gani, unaamshwa na nini, unatulizwa na nini. Insha ya namna hiyo ni zoezi la lugha lisilo na mfano, na siku moja linaweza kumwokoa aliyeliandika. Mwalimu anayefunza maeneo ya Nakuru na Naivasha awaeleze darasa zima kwamba madoa ya kahawia kwenye meno ya wenzao wengi hutokana na floridi nyingi iliyomo katika maji ya Bonde la Ufa, wala si uchafu, ili mtoto asikifunike kinywa chake kwa mkono kila anapotaka kujibu swali.

Na mwalimu wa zamu namwomba jambo moja tu. Mwanafunzi akija akasema jino linauma, usimwulize kama anaogopa mtihani. Mwulize maswali matatu: Linachoma kwa baridi kisha linapoa? Linapwita usiku? Liliuma sana kisha likanyamaza ghafla? Maswali hayo hayachukui hata dakika mbili, na majibu yake yatakuonyesha ni nani wa kuandikiwa ruhusa juma hili, na ni nani wa kutolewa langoni sasa hivi.

Siku iliyofuata nilimtafuta yule mwanafunzi wangu nikamwuliza maswali hayo. Lilikuwa likipwita kwa siku tisa, na chai ya moto ilimnyima raha hadi usiku. Alipofika kliniki alielezwa kwamba mizizi ingeweza kusafishwa na jino likabaki, ila gharama yake ilizidi uwezo wa nyumbani kwao. Basi liling'olewa. Jumatatu alirejea darasani akiwa na pengo, akayatamka thamani na dhiki sawasawa, na darasa likampigia makofi.

Baada ya somo nilimwuliza ni lini maji baridi yalipoanza kumchoma. Alifikiri kidogo, akaniambia ni mwaka wa mwisho wa shule ya upili. Alikuwa amemwambia mwalimu wake, naye akamjibu kwamba hilo ni jino tu.